Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam: lilivyozaliwa, lilivyogawanywa na linavyoendeshwa (uzi mrefu)

Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu.

Kila linapotangazwa jimbo jipya au askofu mpya maswali huwa yaleyale. Jimbo Kuu lina tofauti gani na jimbo la kawaida? Askofu Mkuu anawaamuru maaskofu wengine? Parokia yetu sasa iko jimbo gani, na cheti cha ubatizo nikakichukue wapi? Tuyaweke yote hapa, tukiitumia Dar es Salaam, kwa kuwa imepita karibu kila hatua ambayo Kanisa mahalia linaweza kupita. Ninachosisitiza ni kimoja: ramani ya leo haitakueleza jimbo hili. Fuata migawanyo. Kila mgawanyo una tarehe yake na sababu yake, na umeacha madaftari mahali fulani.

Mwanzo ni Unguja. Mapadre wa kwanza walitua huko Desemba 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1862 Roma ikaunda Prefektura ya Kitume ya Zanguebar (yaani pwani ya Afrika Mashariki), ambayo baadaye ilikabidhiwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Hao ndio waliovuka na kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kwa hiyo Bagamoyo ni ya zamani kuliko Dar, na haikuanzishwa na watu walewale walioanzisha Dar. Likumbukeni hilo, maana litarudi tukifika mwaka 2025.

Mzizi wa Jimbo Kuu lenyewe ni tarehe 16 Novemba 1887. Siku hiyo sehemu ya kusini ya Zanguebar ilitengwa kuwa Prefektura ya Zanguebar Kusini, ikapewa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia kutoka Ujerumani. Walifika mwaka 1888 na kuweka misheni Pugu. Haikudumu mwaka mzima. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka na baadaye kukombolewa. Ndiyo sababu Pugu leo ni mahali pa hija, na ndiyo sababu makao yalihamia mjini, karibu na bandari. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo sasa ni katedrali, lilijengwa kati ya 1897 na 1902.

Tarehe 10 Septemba 1902 prefektura ikapandishwa kuwa vikarieti, na Cassian Spiss akawa askofu wake wa kwanza. Aliuawa tarehe 14 Agosti 1905 Mikukuyumbu, njiani kuelekea Liwale, katika siku za kwanza za Maji Maji. Waliuawa pamoja naye mabruda wawili na masista wawili. Aliyemfuata ni Thomas Spreiter, na mwaka 1906 jina likabadilishwa kuwa Vikarieti ya Dar es Salaam.

Migawanyo ikaanza hapo. Mwaka 1913 Lindi ilitengwa kuwa prefektura. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakafukuzwa, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakaingia kushika kazi. Mwaka 1922 Iringa ikatoka na kupewa wamisionari wa Consolata. Wabenediktini waliporudi hawakurudishiwa Dar. Walikwenda kusini, na eneo la Lindi likawa abasia (monasteri kubwa) yenye mamlaka ya kijimbo mwaka 1927, kisha mwaka 1931 likagawanywa kuwa Ndanda na Peramiho. Anayejiuliza kwa nini Peramiho na Ndanda kuna abasia za Kibenediktini, na Dar na Mahenge kuna mkono wa Wakapuchini, jibu lake ni hilo.

Upande wa Dar, Gabriel Zelger aliongoza vikarieti hadi 1929, kisha Edgar Maranta tangu 1930. Tarehe 25 Machi 1953 Papa Pius XII aliunda hierarkia ya Tanganyika, yaani mfumo wa majimbo kamili yenye maaskofu wake. Vikarieti nyingi zikawa majimbo siku moja, na mbili zikawa majimbo makuu: Dar es Salaam na Tabora. Maranta akawa Askofu Mkuu wa kwanza wa Dar mpaka 1968.

Waliofuata ni watatu tu. Laurean Kardinali Rugambwa, kuanzia 19 Desemba 1968 hadi 22 Julai 1992. Polycarp Kardinali Pengo, kuanzia siku hiyohiyo hadi 15 Agosti 2019. Na Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, Mkapuchini, kuanzia siku hiyo.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Kijana wa VIWAWA

Asante mkuu. Hapo kwenye prefektura na vikarieti sijashika vizuri. Halafu mbona mabango mengi huandika jimbo limeanza 1887?

Mtunza Daftari

Hawajakosea, ila ni vizuri kujua kilichoanza mwaka huo ni kitu gani. Prefektura ya Kitume ni eneo la misheni ambalo bado halijakomaa kuwa jimbo. Kwa kawaida mkuu wake ni padre, na anaongoza kwa niaba ya Papa. Vikarieti ni hatua ya juu yake. Mkuu wake kwa kawaida huwa askofu, lakini naye anaongoza kwa niaba ya Papa, na uaskofu wake hubeba jina la jimbo la kale lisilo na waamini tena. Kanuni ya 371 ya Sheria za Kanisa inaeleza zote mbili. Jimbo likishaundwa, askofu analiongoza kwa mamlaka yake mwenyewe, sio kama mjumbe. Kwa hiyo 1887 ni mwaka wa Kanisa mahalia kuanza, na 1953 ndio mwaka wa jimbo. Ukiandaa jubilei, andika wazi unahesabu kipi. Kamati nyingi hugongana hapo: mmoja anahesabu kutoka Pugu, mwingine kutoka hierarkia.

Kanoni 436

Niongezee kuhusu Jimbo Kuu lenyewe, maana hapa upotoshaji ni mwingi.

Majimbo jirani hukusanywa kuwa kanda ya kikanisa, yaani metropolitani, na moja kati yake ndilo Jimbo Kuu. Sasa hivi chini ya metropolitani ya Dar es Salaam kuna Bagamoyo, Ifakara, Mahenge, Morogoro, Tanga na Zanzibar. Maaskofu wa majimbo hayo hawamripoti Askofu Mkuu. Kila mmoja anawajibika moja kwa moja kwa Papa, na ripoti yake ya kila miaka mitano inakwenda Roma, haipiti Dar.

Askofu Mkuu ana mambo machache yaliyotajwa kwa jina katika kanuni ya 436. Anaangalia imani na nidhamu ya Kanisa vitunzwe, na kukiwa na ukiukaji anamtaarifu Papa. Askofu wa jimbo la chini akipuuza ziara ya kichungaji, Askofu Mkuu anaweza kuifanya yeye, ila lazima Roma iwe imekubali sababu kwanza. Na jimbo la chini likibaki wazi halafu washauri wakashindwa kumpata msimamizi kwa muda uliowekwa, yeye ndiye anamteua. Zaidi ya hapo anaweza kuadhimisha ibada katika makanisa yote ya kanda kama askofu katika jimbo lake, lakini akitaka kuadhimisha katika katedrali ya mwenzake, anamjulisha kwanza. Kuhamisha mapadre wa Morogoro, kugusa fedha za Tanga au kufungua parokia Zanzibar hayamo katika uwezo wake.

Alama ya mamlaka hayo ni palio, ule mkanda mwembamba wa sufu nyeupe ya kondoo wenye misalaba sita myeusi, unaovaliwa mabegani juu ya kasula. Askofu Mkuu anatakiwa kuuomba ndani ya miezi mitatu tangu awekwe wakfu au, kama ni askofu tayari, tangu ateuliwe kisheria. Anauvaa ndani ya kanda yake tu. Akihamishiwa jimbo kuu jingine, ule wa zamani haufai, anahitaji mpya. Ndivyo ilivyo kwa Ruwa'ichi, aliyetoka Jimbo Kuu la Mwanza kuja Dar. Tangu 2015 Papa Fransisko aliweka utaratibu wa palio kubarikiwa Roma na kuvishwa nyumbani na Balozi wa Papa. Juni 29, 2025 Papa Leo XIV alirudia kuwavisha mwenyewe Roma.

Na ukardinali tuutoe kabisa kwenye hesabu hii. Kardinali si ngazi ya jimbo. Laurean Rugambwa alifanywa Kardinali tarehe 28 Machi 1960 akiwa Askofu wa Rutabo, jimbo dogo la Kagera, miaka minane kabla ya kuja Dar. Na mwaka 2023 aliyepewa ukardinali ni Protase Rugambwa, ambaye kiti chake ni Tabora. Hakuna sheria inayosema Askofu Mkuu wa Dar lazima awe Kardinali. Vilevile Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, lenye makao yake Kurasini, anachaguliwa na maaskofu wenyewe. Kiti cha Dar hakimpi mtu nafasi hiyo.

Mama Jumuiya

Je, Arusha na Dodoma ziliwahi kuwa chini ya Dar? Kuna ramani ya zamani inaonesha hivyo.

Mtunza Daftari

Ndiyo dada, ramani iko sawa. Kuanzia 1953 nchi iligawanyika katika metropolitani mbili tu, Tabora upande wa magharibi na ziwani, Dar upande wa mashariki, kaskazini na kusini. Mwaka 1987 zikaongezeka mbili, Mwanza na Songea. Mwaka 1999 ikaja Arusha, ikaondoka na Moshi na majimbo ya kaskazini. Tarehe 6 Novemba 2014 ikaja Dodoma pamoja na Kondoa na Singida. Tarehe 21 Desemba 2018 Mbeya, pamoja na Iringa na Sumbawanga. Jumla majimbo makuu ni saba.

Ila tofautisha migawanyo ya aina mbili. Dodoma ilipotoka kwenye metropolitani ya Dar mwaka 2014, hakuna parokia hata moja ya Dar iliyohama, kwa kuwa Dodoma ilikuwa jimbo linalojitegemea tangu 1953. Kilichobadilika ni kanda. Mahenge ilipoundwa mwaka 1964, ardhi, parokia na mapadre walitoka kweli ndani ya Jimbo Kuu la Dar. Kisha Mahenge nayo ikamzaa Ifakara mwaka 2012. Ndiyo maana Ifakara ni mjukuu wa Dar.

Zanzibar ina njia yake ya pekee. Ndiyo iliyoanza kuliko wote, lakini kwa muda mrefu karne iliyopita ilihesabiwa upande wa Kenya. Mwaka 1955 liliundwa Jimbo la Mombasa na Zanzibar. Baada ya Mapinduzi, mwishoni mwa 1964, visiwa vikatengwa kuwa chini ya usimamizi wa kitume, na mwaka 1980 vikawa jimbo kamili.

Mlei wa Kigango

Tushuke chini sasa, maana waamini wengi hawamwoni Askofu Mkuu zaidi ya siku ya kipaimara. Wanaowaona ni viongozi wa jumuiya.

Ngazi kutoka chini ni hivi: Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kisha kanda (kundi la jumuiya, si ile kanda ya metropolitani), kigango (kanisa dogo lililo chini ya parokia), parokia, dekania, jimbo. Kanda haipo kila parokia. Parokia ndogo huruka hatua hiyo. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) waliamua kuhusu jumuiya mwaka 1973 na wakazifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Wakati ule lilikuwa suala la uchungaji, lakini kadiri mji ulivyokua likawa pia suala la utawala. Parokia ya mjini yenye maelfu ya waamini haiwezi kumjua mtu ila kupitia jumuiya yake.

Kwa hiyo ukitaka ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi ya kanisani, njia ni moja: mwenyekiti wa jumuiya anathibitisha kwamba wewe ni mwanajumuiya, kigango au kanda inapitisha, ofisi ya parokia inapokea. Mwamini anapolalamika kwamba ofisi imemkatalia, mara nyingi ni kwa sababu ameruka hatua ya kwanza. Amehamia Mbezi, bado anahesabika jumuiya ya Temeke, hajachukua barua ya kuhama, na huku jumuiya mpya haimjui. Barua hiyo ichukuliwe siku unapohama. Ukingoja hadi mwezi wa harusi, umechelewa.

Kila ngazi ina Halmashauri ya Walei, na pembeni yake kuna vyama: WAWATA kwa wanawake, UWAKA kwa wanaume, VIWAWA kwa vijana, Utoto Mtakatifu kwa watoto, Legio Maria, Karismatiki na vingine. Chama hakichukui nafasi ya jumuiya. Mtu anaweza kuwa mwana-Legio hodari na bado akadaiwa barua ya jumuiya.

Juu ya parokia yuko dekano. Huyu ni paroko mwenzao aliyepewa kazi ya kuratibu parokia za jirani. Anaangalia madaftari yameandikwa inavyotakiwa, ibada zinafuata taratibu, na paroko mgonjwa anahudumiwa. Paroko akifariki, dekano ndiye wa kuhakikisha daftari, hati na vyombo vya parokia havipotei.

Kijana wa VIWAWA

Na kule juu jimboni? Makamu wa Askofu na Askofu Msaidizi ni mtu mmoja?

Kanoni 436

Askofu Msaidizi ni askofu kwa daraja. Makamu wa Askofu ni ofisi, na anaweza kuwa padre. Sheria inataka Askofu Msaidizi apewe umakamu, ama mkuu ama wa eneo au kazi fulani, hivyo mara nyingi unawakuta katika mtu mmoja, lakini si kitu kimoja. Askofu Mwandamizi ni wa tatu: huyu ana haki ya kurithi kiti.

Dar ni jimbo lililotoa maaskofu wasaidizi wengi kwenda kuongoza kwingine. Salutaris Libena alikwenda kuwa askofu wa kwanza wa Ifakara mwaka 2012, Titus Mdoe Mtwara mwaka 2015, Eusebius Nzigilwa Mpanda mwaka 2020. Methodius Kilaini alihamia Bukoba akiwa bado msaidizi. Stephano Musomba na Henry Mchamungu waliteuliwa pamoja tarehe 7 Julai 2021, na Musomba sasa yuko Bagamoyo.

Vyombo vingine: Kansela ndiye mtunza nyaraka na kumbukumbu, barua isiyopita kwake ina kasoro. Baraza la Mapadre linamshauri askofu. Kutoka humo askofu huteua Baraza la Washauri, mapadre wasiopungua sita na wasiozidi kumi na wawili, kwa miaka mitano. Baraza la Fedha lina watu wasiopungua watatu, nao kwa miaka mitano, wenye ujuzi wa kweli wa mambo ya uchumi na sheria za nchi, na ndugu wa askofu hawaruhusiwi humo. Mahakama ya Kanisa inaongozwa na hakimu mkuu wa jimbo.

Hapo kwenye mahakama ndipo Jimbo Kuu linapowagusa wenye kesi za ndoa. Kesi iliyohukumiwa Tanga au Morogoro, rufaa yake kwa kawaida huenda mahakama ya Jimbo Kuu. Muda wa kukata rufaa ni siku 15 tangu upate taarifa ya hukumu, na wengi huupoteza kwa kusubiri ushauri wa ndugu. Tangu 8 Desemba 2015 haihitajiki tena hukumu mbili zinazokubaliana. Hukumu moja ya kutamka ndoa ni batili inatosha kama hakuna aliyekata rufaa.

Mama Jumuiya

Naomba pia mtueleze askofu akistaafu au akifariki inakuwaje. Watu husema mitaani kwamba mapadre wanapiga kura.

Kanoni 436

Kura ipo, lakini haimchagui askofu. Kiti kikibaki wazi, Baraza la Washauri linakutana ndani ya siku nane na kumchagua msimamizi wa jimbo, awe padre au askofu, mwenye miaka 35 kamili au zaidi. Siku nane zikipita bila jibu, Askofu Mkuu wa kanda anamteua. Kama kilichobaki wazi ni kiti cha Jimbo Kuu lenyewe, kazi hiyo inamwangukia askofu mwenye uteuzi wa zamani zaidi kati ya majimbo ya chini. Msimamizi analinda tu, haanzishi mapya. Waamini wanaomsukuma afungue parokia au auze kiwanja wakati huo wanamwomba asichoruhusiwa.

Dar imelikwepa pengo hilo mara mbili mfululizo kwa kuletewa Askofu Mwandamizi mapema. Pengo aliletwa Januari 1990, akarithi 22 Julai 1992, siku kumi baada ya Rugambwa kutimiza miaka 80. Ruwa'ichi aliletwa 21 Juni 2018, akarithi 15 Agosti 2019, siku kumi baada ya Pengo kutimiza 75, umri ambao sheria inamtaka askofu aandike barua ya kuomba kupumzika. Mwandamizi anarithi papo hapo ombi linapokubaliwa, hivyo washauri hawakuwa na la kupigia kura.

Mwekahazina

Mimi nichangie ardhi na fedha, maana ndiko vigango vinakoumia wakati wa kupanda kuwa parokia.

Mwenye uwezo wa kuunda parokia ni askofu wa jimbo peke yake, baada ya kulisikiliza Baraza la Mapadre. Kabla ya hapo Dar imezoea hatua ya parokia teule: kuna padre, kuna ofisi, lakini mambo kadhaa bado yanategemea parokia mama. Kinachoangaliwa ni kama eneo lina jumuiya za kutosha, kama nyumba ya mapadre ipo na inakalika, kama mapato ya kawaida, yaani zaka na sadaka, sio harambee, yanaweza kuwalisha mapadre na kulipa makatekista, na kama ardhi ni ya Kanisa kweli.

Hili la ardhi ndilo linalokwamisha zaidi. Kigango si mtu kisheria. Mkataba ulioandikwa "Kigango cha Mtakatifu fulani" hauna mwenye mali, na ule ulioandikwa jina la mwenyekiti mali yake ni ya mwenyekiti. Akifariki, watoto wake wanakuja na haki yao. Mmiliki kwa sheria za nchi ni Wadhamini Waliosajiliwa wa Jimbo Kuu. Kwa hiyo mzee akitoa eneo lake, fanyeni hivi kabla ya kumwaga hata lori moja la mchanga: hati ya zawadi iandikwe kwa jina la wadhamini, mke au mume wa mtoaji atie sahihi ya ridhaa, serikali ya mtaa na mashahidi wa pande zote wawepo, mipaka ipimwe, kisha nakala zipelekwe jimboni siku hizohizo. Nakala kubaki kabatini kwa katibu wa kigango ndio mwanzo wa kesi.

Kuna jambo jingine halifahamiki. Kanisa haliwezi kujengwa bila ridhaa ya askofu ya maandishi, kanuni ya 1215, na kabla ya kuitoa askofu anatakiwa awasikilize Baraza la Mapadre na wakuu wa makanisa ya jirani, aridhike kwamba kanisa linahitajika na fedha za kulimaliza zipo. Waamini wakianza msingi kwa ari yao, mara nyingi wanagundua baadaye kwamba kiwanja kiko bondeni, au kimesogea mno na kigango cha parokia ya pili, na nguvu za watu zimeshaishia kwenye zege.

Kuhusu fedha, sadaka ya Jumapili ihesabiwe siku hiyohiyo na watu wasiopungua wawili, kila fungu liandikwe peke yake kabla ya kuchanganywa, wote watie sahihi, na fedha iende benki ikiwa nzima. Matumizi yatoke benki, yasimegwe kwenye kapu. Makosa mengi ya hesabu za parokia si wizi. Ni sadaka iliyolipia mafuta ya jenereta kabla ya kuandikwa. Kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha, si hiari, na hesabu za mwaka zinapelekwa kwa askofu. Kuuza mali ya Kanisa kuna viwango: juu ya kiwango cha chini kilichowekwa na Baraza la Maaskofu askofu anahitaji ridhaa ya Baraza la Fedha na Washauri, na juu ya kiwango cha juu inahitajika pia ruhusa ya Roma. Kwa hiyo hata Askofu Mkuu hauzi kiwanja kwa sahihi yake pekee.

Kijana wa VIWAWA

Sasa lile la cheti cha ubatizo. Mtu amebatizwa kigangoni miaka ya 1990, kigango sasa ni parokia. Aende wapi?

Mtunza Daftari

Aende parokia mama ya wakati ule. Ubatizo wa kigangoni huandikwa katika daftari la parokia, na parokia ikigawanywa, daftari la zamani halikatwi wala halihamishwi. Parokia mpya inaanza daftari jipya, namba moja, kuanzia siku ilipoundwa. Ukienda parokia mpya na kuambiwa haumo, usidhani umepotezwa.

Ukifungua daftari la ubatizo, kila mtu ana mstari wake wenye namba. Kuna jina, mahali na tarehe ya kuzaliwa, mahali na tarehe ya ubatizo, wazazi, wasimamizi, na aliyebatiza. Mwisho kabisa kuna nafasi ya maelezo, na hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote: humo huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu au nadhiri za daima, hata kama vimefanyika miaka 30 baadaye nchi nyingine. Ndiyo maana kwa ajili ya ndoa hutakiwi kuleta cheti ulichopewa utotoni. Kinatakiwa kilichotolewa upya, kwa kawaida kisichozidi miezi sita, kwa kuwa kile cha zamani hakiwezi kusema kama ulishafunga ndoa.

Ukienda kutafuta, beba namba iliyo kwenye kadi ya zamani kama unayo. Kama huna, beba mwaka, jina la kigango, majina ya wazazi na ya msimamizi. Msimamizi husaidia sana, kwa sababu jina lako huenda liliandikwa la nyumbani, au herufi r na l zimebadilishana, au ukoo uliandikwa wa babu. Mtafutaji anayeshikilia jina la kitambulisho peke yake hurudi mikono mitupu wakati mstari wake upo.

Mtoto ambaye wazazi hawajafunga ndoa anabatizwa na kuandikwa. Jina la mama linaandikwa kama umama wake unajulikana hadharani au akiomba mwenyewe mbele ya mashahidi wawili au kwa maandishi. Jina la baba linaandikwa kama kuna hati ya serikali au yeye mwenyewe akitamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Katibu wa parokia hana ruhusa ya kujaza kwa kusikia.

Tatizo kubwa la ofisi zetu ni taarifa zisizotumwa. Ndoa ikifungwa Dar na bibi harusi alibatizwa Ifakara, parokia ya Dar inatakiwa kuiandikia Ifakara ili ijazwe kwenye mstari wake. Isipotumwa, daftari la Ifakara litaendelea kumwonesha hajaolewa, na cheti kitatoka hivyo. Wanandoa wanaweza kuuliza wenyewe baada ya harusi kama taarifa imetumwa. Ni haki yao.

Mlei wa Kigango

Na matangazo ya ndoa yasomwe pande zote mbili, kwa bwana na kwa bibi, Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka taarifa ya siku 21, kwa hiyo kupeleka majina wiki mbili kabla ya harusi hakuwezi kufanya kazi kwa upande wowote.

Mama Jumuiya

La mwisho kutoka kwangu: Bagamoyo. Jimbo jipya lilitoka Dar au Morogoro?

Mtunza Daftari

Yote mawili. Lilitangazwa tarehe 7 Machi 2025 na Papa Fransisko, kwa kuchukua eneo la Jimbo Kuu la Dar es Salaam na eneo la Jimbo la Morogoro. Hapo ndipo lile la mwanzo linaporudi. Bagamoyo mjini, misheni ya 1868, ilikuwa makao ya vikarieti yake yenyewe iliyoundwa mwaka 1906, ambayo mwaka 1953 ikawa Jimbo la Morogoro. Kwa hiyo jimbo jipya lina parokia zenye asili mbili, upande mmoja Mapadre wa Roho Mtakatifu kupitia Morogoro, upande wa pili Wabenediktini na Wakapuchini kupitia Dar.

Kwa vitendo: parokia iliyohamia Bagamoyo imehama na madaftari yake, kwa kuwa daftari ni la parokia. Cheti unakichukua palepale ulipokichukua jana. Kilichobadilika ni ofisi ya juu yake. Kibali kinachohitaji askofu, mfano ruhusa ya ndoa ya mchanganyiko au kuondolewa kizuizi, sasa kinaombwa kwa Askofu wa Bagamoyo, si Dar. Kipaimara kilichoandikwa katika kitabu cha jimbo kabla ya Machi 2025 kitafutwe kwanza parokiani, na kisipopatikana ndipo uulize kwa Kansela wa jimbo la wakati ule, yaani Dar au Morogoro kutegemea parokia ilikuwa wapi. Na hati za viwanja zilizo kwa jina la wadhamini wa jimbo la zamani haziwi za jimbo jipya kwa tangazo la Roma pekee. Kila moja inahamishwa kwa taratibu za ardhi za nchi, hivyo halmashauri za parokia zilizohama zianze kuorodhesha hati zao sasa, kiwanja kwa kiwanja.